Sura ya kwanza si yangu, na zimebaki siku 16

BARUA

Mama Mshauri, jambo yako.

Niko mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Bukavu, upande wa mambo ya maendeleo. Nina miaka 26, na zimebaki siku 16 niweke chuoni memwari yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo. Inahusu likelemba (michango ya kupokea kwa zamu) na MUSO (vikundi vya kusaidiana) za akina mama wauzaji wa soko la Kadutu: wanachanga kiasi gani, zamu inapangwaje, na inakuwaje mmoja wao akishindwa kulipa. Kwa miezi mitatu nilikuwa nafika sokoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla wateja hawajajaa, na nilihoji akina mama 64. Madaftari yangu manne yananuka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mpaka leo. Sura ya pili na ya tatu nimeziandika mwenyewe, neno kwa neno.

Shida ni sura ya kwanza, ile ya nadharia. Niliandika kurasa saba kwa mkono, kisha malaria ikanilaza wiki mbili. Nilipoamka nilipeleka kazi kwenye sekretaria ichapwe. Kijana anayechapa akaniambia: «Dada, sura za kwanza za watu wote zinafanana, niachie mimi.» Ana fleshi iliyojaa memwari za miaka iliyopita. Nilimwambia ajaze-jaze, mradi ifike kurasa 25, nikamwongezea franka 15,000. Sura ikarudi ina kurasa 26, tanbihi zimepangwa vizuri, majina makubwa ya Wazungu, «Ibid.» hapa na pale. Niliisoma mara moja tu. Direkta wangu, mwalimu anayeniongoza, akaipitia na kusema: «Sawa, endelea.»

Wiki iliyopita asistanti aliniwekea kazi yote kwenye programu ya kutafuta mfanano, kama msaada tu. Ilitoka 34%. Sura ya kwanza ni nyekundu karibu yote. Tulipohesabu, kurasa 19 zinatoka kwenye memwari mbili za watu wengine na ripoti moja ya intaneti. Kuna mahali pameandikwa «sokoni kwetu hapa Butembo». Mama, mimi Butembo sijawahi kufika! Asistanti alinong'ona: «Direkta hajaiona hii ripoti. Badilisha maneno, tuonane.»

Sasa kila mtu ana shauri lake. Binamu yangu anamjua mtu anayesafisha memwari kwa dola 80, anasema asilimia itashuka chini ya 10. Rafiki yangu wa darasani anasema wote wanafanya hivyo, niweke kazi nimalize. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa anayenilipia masomo, yuko Kamituga. Ameshaitangazia familia kwamba mwezi huu naweka kazi. Nikisukumwa hadi sesheni ya pili, yaani awamu ya marudio, ni yeye atakayelipa tena. Na direkta ni mzee ninayemheshimu kama baba. Kumwambia ukweli ni kama kumwambia: ulisoma na hukuona.

Nina hasira pia. Si mimi niliyenakili, ni yule kijana. Je, hata hivyo ni wizi wangu? Kurasa 19 zinaweza kuandikwa upya kwa siku 16? Nimwambie direkta au ninyamaze nirekebishe?

Na jambo dogo la mwisho. Mama mmoja wa sambaza aliniuliza: «Jina langu litaandikwa kwenye kitabu chako?» Nikamjibu hapana, wewe ni M17, yaani mama namba 17. Akanyamaza. Nilimkosea?

Mwenye siku 16, Bukavu

JIBU

Binti yangu, jambo sana, na pole kwa malaria na kwa usingizi uliopotea tangu siku ile ya ripoti.

Nikikusikia vizuri, una kazi yenye vipande viwili visivyofanana. Kimoja ni cha jasho lako: akina mama 64, madaftari manne, sura mbili. Kingine kimebandikwa juu yake na mkono mwingine, kwa ruhusa yako, siku ambazo mwili ulikuwa umechoka. Sasa unaogopa kile cha pili kisikivunje cha kwanza. Na kila anayekushauri anazungumzia namba moja, 34. Hapo ndipo ningependa tuanze, maana naona ile namba imekutisha kuliko inavyostahili, na imekuficha jambo zito zaidi.

Programu zile, ziwe Turnitin, Compilatio au nyingine, hazipimi wizi. Zinapima mfanano wa mfululizo wa maneno kati ya kazi yako na maandishi yaliyomo kwenye hifadhi yao. Tufanye hesabu. Hukuniambia kazi yako ina kurasa ngapi; tuseme ni 74, basi kurasa 19 ni karibu 26%. Ile 8% inayobaki inatoka wapi? Mara nyingi ni bibliografia, kwa sababu vitabu vilevile vimeorodheshwa na watu wengi; ni majina marefu ya sheria; ni nukuu zilizomo ndani ya alama zake. Hizo zote huwaka nyekundu na hazina kosa lolote. Mwombe asistanti aitoe ripoti tena akiwa ameondoa bibliografia na nukuu; programu nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo. Upande wa pili, mtu anaweza kutafsiri makala nzima ya Kiingereza kwa Kifaransa, programu ikampa 2%, na kazi yote ikawa ya wizi. Kwa hiyo anayekuambia «badilisha maneno ili asilimia ishuke» anakufundisha kuificha alama ya jeraha na kuliacha jeraha lenyewe. Tena hakuna kiwango kimoja duniani kinachosema chini ya hapa ni halali. Kila fakalti hujiwekea chake, na jopo lenye busara husoma mistari myekundu yenyewe kabla ya kutazama jumla.

Sasa hasira yako kwa kijana wa sekretaria. Una haki ya kuwa nayo. Mtu aliyelipwa kuchapa akakuuzia maandishi ya wengine amekutendea vibaya. Lakini nikuulize polepole: ulipomwambia ajaze-jaze mpaka kurasa 25, ulidhani atazitoa wapi? Nadhani jibu unalijua, na ndilo linalokukosesha usingizi zaidi ya asilimia. Jina kwenye jalada ni lako, na chuo kitamhoji mwenye jina. Hilo halikufanyi kuwa mtu mbaya. Linamaanisha tu kwamba njia ya kutoka haiwezi kupitia kwenye sentensi «si mimi».

Na kuna mtu mwingine ambaye barua yako haikumtaja. Yule aliyeandika «sokoni kwetu hapa Butembo». Huyo naye huenda aliamka asubuhi, naye akasubiri akina mama wakubali kuhojiwa. Nguvu yake imo ndani ya kurasa zako bila jina lake.

Tuzitazame njia zako. Naona nne, na hakuna hata moja isiyo na bei.

Ya kwanza ni kuweka kazi kama ilivyo. Wengi hupita hivyo, rafiki yako hakudanganyi. Ila hatari yake haina tarehe ya mwisho. Mwaka 2012 rais wa Hungaria, Pál Schmitt, alijiuzulu baada ya chuo kumvua udaktari alioupata mwaka 1992. Miaka 20 ilikuwa imepita. Wewe si rais, lakini memwari zinazidi kuwekwa kwenye hifadhi za intaneti, na siku moja mwanafunzi wa Butembo ataingiza kazi yake na jina lako litatokea. Karibu zaidi kuna siku ya utetezi yenyewe: mjumbe mmoja wa jopo akisoma «hapa Butembo» kwa sauti, sidhani kama sura ya pili na ya tatu zitapata nafasi ya kujitetea.

Ya pili ni yule wa dola 80. Wanaosafisha hufanya moja kati ya mambo haya: hubadilisha kila neno kwa kisawe chake, huipitisha matini kwenye lugha nyingine na kuirudisha, au hucheza na herufi, wakiweka herufi ya alfabeti ya kigeni inayofanana na «a» au maneno meupe yasiyoonekana. Ujanja huu wa herufi unajulikana. Turnitin, kwa mfano, huonyesha alama ya tahadhari inapoukuta. Kubadilisha visawe kuna ubaya mwingine, kunaharibu maana, na nitakuonyesha mfano chini. Pia fikiria hili: leo una tatizo ambalo mtu anaweza kuliita uchovu na uzembe. Ukimlipa huyo, litakuwa na jina lingine, na kutakuwa na mtu mwingine tena anayeijua siri yako.

Ya tatu ni kuandika upya kimyakimya. Inavutia, kwa sababu kazi inakuwa safi kweli. Swali langu ni moja: direkta anayo sura ya zamani, ameipitia. Ukimletea mpya kabisa siku chache kabla ya depo, yaani siku ya kuweka kazi chuoni, atauliza kwa nini. Utamjibu nini? Kama una jibu la kweli ambalo si maungamo ya kila kitu, kwa mfano kwamba uligundua marejeo ya sura ile si ya kuaminika na umeyarudia yote, labda utaweza kuishi nalo. Ukiona utalazimika kutunga hadithi, pima uzito wake.

Ya nne ni kumwambia kwanza. Anaweza kukasirika. Anaweza kukuambia usubiri sesheni ya pili. Inawezekana kanuni za fakalti yenu zinamlazimu kupeleka taarifa juu, kwa hiyo uliza kanuni hizo zimeandikwaje kabla hujaingia ofisini kwake. Lakini unadhani utakuwa unamwambia «ulisoma na hukuona». Je, hakuna sentensi nyingine? «Baba Profesa, nimegundua kosa kwenye kazi yangu kabla halijakufikia kwenye jopo, na nimekuja na namna ya kulirekebisha.» Mzee anayesikia hivyo analindwa pia, kwa sababu jina lake liko kwenye jalada chini ya lako. Ukiamua kwenda, usiende na machozi peke yake. Beba ripoti ya mfanano, madaftari manne, nakala ya sura uliyoipaka rangi kama nitakavyoeleza, mpango mpya wa sura, na angalau kurasa tatu ulizokwisha kuziandika upya. Kabla ya hapo zungumza na asistanti. Alikusaidia pembeni, na si vema ajikute ametajwa bila kujua.

Kuhusu yaya wako wa Kamituga, unasema atalipa tena. Atalipa nini hasa? Pita aparitora, ofisi ya usajili wa wanafunzi, uulize kwa namba: sesheni ya pili inagharimu kiasi gani kwa mtu aliyebakiza utetezi tu. Huenda ni kidogo kuliko unavyoogopa, huenda ni kikubwa. Lakini utampigia simu ukiwa na kiasi, na mtu anayetoa pesa hupokea vizuri zaidi habari yenye kiasi.

Sasa swali lako la kazi: kurasa 19, siku 16. Ningekujibu kwanza kwamba si kurasa 19. Nani alisema sura ya kwanza lazima iwe na kurasa 25? Kama maagizo ya fakalti hayasemi, kurasa saba zako pamoja na 10 au 12 zilizoandikwa kwa akili zinatosha kubeba sura mbili za utafiti. Siku tatu za kutafuta na kusoma vyanzo, siku saba za kuandika kurasa mbili kwa siku pungufu kidogo, siku mbili za kukagua tanbihi na bibliografia, siku mbili za direkta kusoma. Ni 14. Mbili zilizobaki ni za SNEL, shirika la umeme, umeme ukikatika. Ni nyembamba, sikufichi; malaria ikirudi hesabu imevunjika.

Anza na rangi. Chapa sura nzima, chukua kalamu tatu. Kijani ni sentensi ulizoandika wewe. Njano ni wazo la mtu unayeweza kumtaja na chanzo chake unaweza kukishika. Nyekundu ni sentensi usiyojua imetoka wapi. Nyekundu usiihangaikie kuirekebisha, ifute. Watu wengi hupoteza siku nzima wakitafuta chanzo cha sentensi ambayo kazi haiihitaji.

Kisha zile tanbihi nzuri ulizonunua. Usiamini hata moja. Mtu wa kwanza alikisoma kitabu, wa pili akanakili tanbihi yake, wa tatu akanakili ya wa pili, na kila mara namba moja ikakosewa. Kuna jaribio jepesi. Kwenye mada yako bila shaka kuna jina la Shirley Ardener, makala yake ya mwaka 1964 kuhusu vyama vya zamu kama likelemba. Makala hiyo iko katika juzuu la 94 la jarida la Royal Anthropological Institute, kuanzia ukurasa wa 201 hadi 229. Ukikuta tanbihi inasema «Ardener, 1964, uk. 12», jua hakuna aliyeifungua. Hali kadhalika Clifford Geertz wa mwaka 1962: makala yake inaanzia ukurasa wa 241 na kuishia 263.

Je, ni lazima uzipate makala hizo zenyewe? Ukizipata, vizuri. Usipozipata, taja kile ulichokishika mkononi. Kwa Kifaransa mnaandika «cité par»: jina la Ardener na mwaka 1964, kisha «cité par», kisha mwandishi uliyemsoma wewe, mwaka wake na ukurasa wake. Katika bibliografia unamweka huyo wa pili peke yake. Hakuna aibu hapo. Aibu iko kwenye kujifanya umesoma Kiingereza cha 1964 huku ulikutana nacho kwenye memwari ya jirani. Na memwari ya jirani nayo ni chanzo halali: taja mwandishi, kichwa, sema haijachapishwa, taja chuo, fakalti na mwaka. Yule wa Butembo, ukimtaja hivyo na kumlinganisha na Kadutu, anageuka kutoka mzigo na kuwa msaada. Zamu zao zinapangwaje kule? Wanaoshindwa kulipa wanafanywaje? Tayari una aya mbili za kwako.

Sasa ule mfano wa visawe niliokuahidi. Nauandika kwa Kiswahili, wewe utaupeleka kwenye Kifaransa chako. Ardener anaeleza chama hiki, kwa tafsiri ya karibu, kuwa ni kundi la washiriki wanaokubaliana kuchanga mara kwa mara katika mfuko ambao hutolewa, wote au sehemu yake, kwa kila mchangaji kwa zamu. Msafishaji ataandika: «Ni kikundi cha wanachama wanaoafikiana kutoa michango ya kila wakati kwenye hazina ambayo hupewa, nzima au nusu, kila mwanachama kwa mzunguko.» Mifupa ni ileile, mpangilio ni uleule, hakuna jina la mwenyewe. Na angalia: «sehemu» imegeuka «nusu». Sasa amemsingizia Ardener jambo ambalo hakulisema.

Kuandika kwa maneno yako ni kazi ya namna nyingine. Soma aya, funga kitabu, subiri dakika kumi, mweleze mtu asiyesoma chuoni, hata mdogo wako jikoni, wazo lile ni nini. Andika ulivyomweleza. Ndipo ufungue kitabu kuhakikisha hukupotosha, na uweke tanbihi hapohapo, si jioni. Huenda ikatoka hivi: «Kwa Ardener (1964), mambo mawili ndiyo yanayokitambulisha chama cha aina hii, mchango unaorudi kila kipindi na zamu ya kuupokea. Hadai kwamba mpokeaji lazima apewe mfuko wote.» Kisha endelea na jambo ambalo hakuna fleshi inayo: madaftari yako yanasemaje? Katika wale 64, wangapi huacha sehemu ya mfuko kwa ajili ya msiba au ugonjwa? Nadharia ikigusana na daftari namna hii, hakuna programu itakayoiwasha nyekundu, kwa kuwa haijawahi kuandikwa na mtu mwingine.

Nukuu ya neno kwa neno uitumie pale tu ambapo maneno yenyewe yana thamani: fasili, sheria, au sauti ya mama wa sokoni. Alama za kufungua na kufunga, jina, mwaka, ukurasa. Ukiruka maneno katikati weka nukta tatu ndani ya mabano ya mraba. Kwa PDF, angalia namba iliyochapwa kwenye ukurasa wenyewe, maana ile inayoonekana kwenye kioo cha simu huhesabu pia jalada na utangulizi.

Sheria itaje kwa sheria. Ukizungumzia taasisi ndogo za fedha, nenda kwenye sheria namba 11/020 ya tarehe 15 Septemba 2011, utaje na kifungu, usitaje memwari iliyoitaja. Yanayojulikana na wote hayahitaji tanbihi: kwamba Bukavu ni mji mkuu wa Kivu Kusini, hakuna atakayekuuliza. Lakini idadi ya watu wa Kadutu inahitaji, kwa sababu ni namba ambayo mtu fulani aliihesabu au aliikadiria, mwaka fulani, kwa njia fulani.

Nikuonye juu ya «Ibid.» Neno hili maana yake ni chanzo kilekile cha tanbihi iliyotangulia. Ukihamisha aya moja tu, «Ibid.» inaanza kumwonyesha mtu mwingine, na hutajua. Wakati unaandika, weka kila mara jina fupi, mwaka na ukurasa. «Ibid.» na «op. cit.» ziweke siku ya mwisho kabisa, kama fakalti yenu inazitaka. Au tumia Zotero: ni programu ya bure, ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti, inaungana na Word, na inajipanga yenyewe unapohamisha aya. Mega, yaani data za intaneti, utazihitaji siku ya kuipakua tu na unapotafuta vyanzo. Vyanzo vya Kifaransa vya bure utavipata kwenye tovuti za Persée, OpenEdition na HAL.

Mtu akikuambia uiombe programu ya akili bandia ikupe marejeo, kuwa mwangalifu sana. Mara nyingine hutunga majina ya makala ambayo hayapo, yenye waandishi wa kweli na kurasa za uongo. Kila rejeo litafute kwa kichwa chake kwenye Google Scholar kabla halijaingia kwenye bibliografia. Usipoliona, liache. Na angalia kurasa zako saba za mkono: kama kuna ulichokichukua kwenye TFC yako mwenyewe, ile kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza, kitaje pia, kama kazi nyingine yoyote.

Sijakuambia upite njia gani, na si kwa kukukwepa. Wewe ndiye unayeijua sura ya direkta anapokasirika, na wewe ndiye utakayempigia yaya simu. Ila naona sura ile lazima iandikwe upya kwa njia zote mbili ninazoweza kukutakia, ya tatu na ya nne, kwa hiyo unaweza kuanza na kalamu tatu kesho asubuhi hata kabla hujaamua utamwambia nani. Baada ya kurasa tatu mpya, huenda mguu wa kwenda ofisini kwake ukawa mwepesi kidogo. Huenda usiwe.

Imebaki M17. Hukumkosea kwa kumpa namba. Alikueleza habari za madeni na za waliokimbia zamu zao. Jina lake likikaa kando ya maneno hayo, likelemba yake inaweza kumgeukia. Katika sura ya tatu abaki M17, na tanbihi iseme mahojiano, muuzaji wa sambaza, soko la Kadutu, tarehe. Lakini yeye hakuuliza kuhusu tanbihi. Mwanzoni mwa memwari kuna ukurasa wa shukrani, na pale anaweza kuwemo, mradi asiwe peke yake: akiwa mama mmoja tu aliyetajwa, mtu atakisia namba yake. Tafuta wengine sita au saba wanaokubali. Nenda saa kumi na mbili kama ulivyozoea, mweleze jina litakaa wapi na halitakaa wapi, akikubali mpe kalamu, aandike mwenyewe au akutajie herufi moja moja.